Madoa Chini ya Jani

Jumatatu, 22 Februari 1993

"Madoa ya kahawia chini ya jani ni dalili tosha ya kutu, na mmea wenye kutu hauna dawa ila mrututu au moto." Hayo ni maneno ya Bwana Luhaga, mshauri wa kilimo. Ameyaandika kwa wino wa bluu, akayagongea mhuri aliouchongesha mwenyewe, akamkabidhi mdogo wangu Paskazia kama padri anayegawa komunyo.

Sitasema ni uongo. Uongo unahitaji akili.

Kutu ni ugonjwa, na ugonjwa haupangi foleni. Kutu ya kahawa hulivamia jani ovyo, kama mchuzi uliomwagikia shati. Lakini madoa ya kangaga za Paskazia, mimea ya kivulini anayoiotesha kuuza, yako safu mbili kwenye kila kidole cha jani, moja kulia kwa mshipa, moja kushoto, nafasi sawa kwa sawa — vifungo vya koti la askari. Ugonjwa gani huo unaotembea na rula?

Ni vifuko vya uzazi. Ndani mna vumbi, na kila punje ya vumbi hilo, yaani spora, inaweza kuanzisha mmea. Kangaga haina ua. Haina tunda, haina mbegu. Ilikwisha kuota na kuzeeka duniani kabla ua la kwanza halijafunguka. Na ni kwa madoa hayohayo wataalamu huzitenga koo zake: zenye madoa ya mviringo huku, zenye mistari mirefu kule, zile zinazoyaficha chini ya pindo la jani pembeni. Madoa ndiyo kadi yake. Luhaga amemkamata mtu kwa kosa la kuwa na kadi.

Huyu bwana alikagua kahawa ng'ambo ya ziwa miaka yote, mpaka alipopunguzwa kazini. Siku hizi kila aliyepunguzwa ni mshauri. Amekariri jani moja, na sasa kila jani duniani ni kahawa.

Meneja wa hoteli mpya, ile iliyojengwa kwa fedha za minofu ya sangara, amesema hapokei kopo hata moja la kangaga bila cheti cha Luhaga. Na Paskazia alikizika kiinua mgongo chake chote kwenye bustani ile, kiwanda cha nguo kilipomtoa. Chote. Mume yuko Nansio na mke mwingine. Hana pengine pa kuanzia.


Jumatano, 24 Februari

Nimekwenda kwa Paskazia baada ya vipindi vya shule. Bustani iko kwenye kijito nyuma ya mawe, mbele kidogo ya Buhongwa. Paa ni nyavu kuukuu na mikeka ya mafunjo; chini yake baridi na unyevu kama ndani ya mtungi. Kangaga kwenye makopo ya mafuta, kangaga kwenye nyufa za mwamba, kangaga mpaka kwenye kiatu kibovu. Pazuri. Pazuri kuliko hotelini zinakotakiwa kupelekwa.

Nimemkuta mdogo wangu amekaa kwenye kigoda na mswaki. Mswaki wa meno! Beseni la maji ya sabuni pembeni. Anageuza jani moja moja, anayasugua madoa.

"Unafanya nini?"

"Nazisafisha, dada. Meneja anapita Ijumaa."

"Unazihasi."

Akacheka. Akasema mbuzi naye huhasiwa, na ndiye anayenona.

Nimemweleza habari ya vifuko. Alisikiliza huku anasugua. Kisha akasema wateja hawaulizi doa ni nini, wanaona uchafu tu. Na Luhaga mwenyewe hakuwa mbaya: alimwambia apulize mrututu mara moja, alete risiti, cheti kitatoka. Basi.

Basi! Mrututu, dawa ile kali ya shaba, utaunguza majani laini kama yale, na hata yasipoungua, kuupuliza ni kukiri. Unampaka mtoto mzima dawa ya upele ili jirani afurahi.

Karibu bustani yote imeshasuguliwa. Nimemwomba zile za mwambani zisiguswe. Amekubali, kwa sharti nisiende gazetini.

"Nakufahamu, dada."

Nimeahidi.


Jumapili, 28 Februari

Sikwenda misa ya pili. Nimepanda.

Nimechukua jani moja la mwambani, madoa yake yameiva hudhurungi, nikalilaza juu ya karatasi tangu juzi. Leo nimeliinua. Chini yake jani lingine, limechorwa kwa vumbi! Safu mbili mbili, kila kidole. Ugonjwa umejichora picha. Karatasi yenyewe ni ukurasa wa gazeti wenye tangazo la Luhaga: "Ushauri wa mazao, wadudu na magonjwa, bei nafuu." Sikuichagua kwa makusudi. Lakini sikuibadilisha.

Nimechemsha vipande vya tofali, nikaviweka kwenye chupa ya jamu, maji kidogo chini, nikakung'uta vumbi juu, nikafunika kwa kioo. Iko dirishani upande usio na jua.

Sasa ni kungoja. Kutu haioti juu ya tofali. Kutu inahitaji jani lililo hai, la kunyonya, kama wakubwa fulani. Kikitokea kitu cha kijani humo, Luhaga amekwisha.


Jumanne, 16 Machi

Barua yangu imetoka. Ukurasa wa sita, hawakukata hata mstari.

Ndiyo, niliahidi. Lakini Ijumaa Luhaga alisema kwenye mkutano wa wakulima kwamba hata ule mmea mdogo unaoelea kwenye majaruba ya mpunga ni mtoto wa gugu maji, ung'olewe wote. Ule nao ni kangaga! Mdogo kuliko kucha, unaelea, unaurutubisha mpunga bure bila kudai ushauri. Mtu huyu akiachwa ataing'oa nchi nzima. Kuna mahali kunyamaza ni kushiriki.

Mstari uliowafurahisha wenzangu ofisini ni huu: "Bwana Luhaga ni daktari aonaye tumbo la mjamzito, akaandika uvimbe, akaagiza kisu." Mwalimu wa historia aliusoma kwa sauti mara mbili. Wakagonga meza. Nilikunywa chai yangu taratibu.


Ijumaa, 19 Machi

Luhaga amesoma.

Amekwenda kwa diwani. Hataki mrututu tena. Sasa anataka moto — makopo, mwamba, mikeka, vyote, "kwa usalama wa mazao ya kata." Diwani Malimi ameitisha mkutano baada ya Pasaka.

Paskazia alikuja jioni. Hakuniamkia. Miaka yote hajawahi kuingia kwangu bila shikamoo.

"Ilikuwa kupuliza mara moja," akasema. "Mara moja, dada. Ningesema ahsante, ningechukua cheti, leo makopo yangekuwa hotelini."

Nikasema yangekuwa hotelini yameungua.

"Wewe unataka kushinda. Mimi nataka kuuza."

Nikamwambia mtu akiuza kwa kukubali uongo, kesho uongo utarudi kudai zaidi. Akaniuliza kama hiyo nayo itatoka gazetini. Akaondoka. Chai yake haijaguswa.

Maneno yangu yalikuwa sahihi. Yote. Nimeyasoma upya, sioni la kufuta.


Jumamosi, 10 Aprili

Kijani! Tofali zimevaa kijani.

Nimetazama kwa lenzi ya mkono. Si kamba, si uzi, si ukungu. Ni vipande bapa, kila kimoja kina umbo la moyo, kimelala juu ya tofali kama sikio la panya. Vimoyo vingi. Wanafunzi wangu huchora hivi kila mwaka na hakuna anayeamini kuwa vipo.

Nimetuma ujumbe kwa Diwani Malimi: siku ya mkutano mtawaona watoto wa kangaga kwa macho yenu. Nimetuma na nakala kwa Luhaga, kwa heshima.

Paskazia nimempa habari kanisani. Aliitikia kwa kichwa. Kesho Pasaka. Labda atakuja kula.


Alhamisi, 22 Aprili

Nimetoka mkutanoni. Naandika kabla sijavua viatu. Kwa hasira, si kwa kingine.

Darasa lilijaa. Diwani Malimi kwenye meza ya mwalimu, Luhaga kulia kwake, shati jeupe, kalamu tatu mfukoni. Paskazia nyuma kabisa, karibu na mlango. Nikaweka chupa yangu mezani, nikaondoa kioo, nikasema: hawa hapa, waliozaliwa na hayo mnayoyaita kutu.

Chupa ikapita mkono kwa mkono. Kila mmoja alitazama ndani, kisha akanitazama mimi kwa huruma, kama mtu aliyeombwa amsifu mtoto mbaya.

Ilipomfikia Luhaga aliinusa. Aliinusa!

"Mwalimu Bernadeta," akasema, "sisi tusio wasomi, hiki tunakiita ukungu wa bafuni."

Darasa zima likacheka. Hata kiti changu nadhani kilicheka.

Nikaeleza. Kangaga haimzai kangaga moja kwa moja. Kangaga hutoa spora. Spora humtoa huyu bapa, asiye na shina wala jani. Huyu bapa ndiye mwenye sehemu za kiume na za kike, na kutoka kwake ndipo huota kangaga. Vizazi viwili, sura mbili, mmea mmoja. Wanafunzi wa kidato cha tatu wanalijua.

Diwani Malimi alikuna kidevu. "Yaani mjukuu anafanana na babu, ila mtoto hafanani na mtu yeyote. Mwalimu, hiyo ni familia ya namna gani?"

"Ni familia ya chura, mheshimiwa. Umewahi kumkana chura kwa sababu kiluwiluwi hana miguu?"

Hapo walicheka nami, ingawa kidogo kuliko walivyocheka na Luhaga. Nilidhani nimewapata. Ndipo Mama Suzana akasimama. Ana shamba la mihogo juu ya kijito, mama wa watu, hana ugomvi na mtu. Akasema hajui habari ya chura. Anachojua, mihogo ilipoanza kujikunja majani miaka ile, walikuja wataalamu wakasema si kitu, ni ukame tu. Wakangoja. "Tulikula mizizi ya porini, Mwalimu. Sasa leo tena tuambiwe si kitu?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na majibu matatu. Hakuna lililofaa kumwambia Mama Suzana.

Luhaga akainua mikono kama mwombaji: mmesikia sauti ya mkulima. Mwizi wa machozi ya watu!

Diwani akaamua. Amenishika kwa neno langu mwenyewe. "Kiluwiluwi huota miguu. Chako nacho kioteshe miguu. Mpaka Jumamosi ya kumi na tano Mei. Tukiona kangaga imetoka humo, bustani ibaki na Bwana Luhaga atoe cheti. Tusipoiona, tunachoma." Akamgeukia Luhaga: "Unakubali?" Luhaga akasema kwa furaha, kwa furaha kabisa. Akanirudishia chupa kwa ncha za vidole.

Nje nilimtafuta Paskazia. Alikuwa ameshatangulia.


Ijumaa, 23 Aprili

Nilisema "mtawaona watoto wa kangaga." Mpumbavu. Nimefundisha somo hili nusu ya maisha yangu, halafu nakwenda mbele ya kata kuahidi mtoto anayefanana na mama. Nilitaka chupa inipigie makofi.

Hasira nyingine, kubwa zaidi. Nimefungua kioo leo, vimoyo vikavu juu. Siku zote hizi nimeogopa kuvu, nikawa nanyunyiza chini tu, tofali linyonye. Na chembe ya kiume ya kangaga huogelea! Haina mbawa, haina mdudu wa kuibeba. Bila tone la maji juu ya moyo haifiki popote. Miezi yote nimewaweka wachumba kwenye chumba kimoja, katikati nimewawekea jangwa. Najua hili. Nimelisahihisha kwa kalamu nyekundu kwenye madaftari ya watu.

Nimenyunyizia maji ya mvua. Juu, sio chini.


Jumapili, 2 Mei

Hakuna.


Ijumaa, 7 Mei

Nimepeleka chupa bustanini. Unyevu wa pale ni bora kuliko dirisha langu. Paskazia alinipokea chupa, akaiweka ndani ya ufa wa mwamba, akaifunika na jani.

Tumekaa. Alinionyesha makopo aliyosugua Februari: yametoa majani mapya, na chini ya majani mapya madoa mapya, safu mbili mbili. Hakuwa ameyagusa.

"Mswaki umechakaa?" nikamuuliza.

"Nimechoka kusugua kitu kinachorudi."

Nikamwambia ahamishe makopo mazuri kwangu usiku mmoja, ayafiche nyuma ya jiko. Akakataa. Akasema akizificha kangaga zake atakuwa amesema zinaumwa. Nilimtazama. Akasema usinitazame hivyo, dada, bado nimekukasirikia.

Chai alikunywa.


Jumatano, 12 Mei

Meneja wa hoteli amenunua maua ya plastiki. Yametoka Dubai, yana vumbi tayari. Paskazia amesikia sokoni. Meneja amesema haya hayaugui. Sawa. Hata maiti haiugui.

Lakini amemtumia neno: akipata cheti, sehemu ya baraza bado iko wazi. Kwa hiyo bado kuna kitu cha kupoteza.

Kwenye chupa, vimoyo vimenenepa. Vinang'aa. Hakuna mguu.

Luhaga nilikutana naye njiani. "Mwalimu, chura hajambo?" Nilimwambia hajambo, anauliza lini utajifunza kuogelea. Jibu zuri. Nilitembea hatua chache tu likaniishia ladha.


Jumamosi, 15 Mei, asubuhi

Naandika nimepiga magoti, daftari juu ya kopo. Mvua ilinyesha alfajiri, maji yanadondoka kwenye nyavu, wino unasambaa. Acha usambae.

Nimefika mapema. Paskazia alikuwa ameshafagia, kana kwamba wanakuja wageni wa harusi. Amevaa kitenge kizuri. Nikamuuliza unavaa kwa ajili ya nani. Akasema akifukuzwa, afukuzwe amependeza.

Nilitoa chupa kwenye ufa. Kimoyo cha kwanza, hakuna. Cha pili, hakuna. Nilipitia tofali la mbele lote na lenzi mpaka jicho likatoa machozi. Kisha tofali la nyuma, pembeni, mahali kioo kinapodondosha maji yake.

Kuna kitu.

Kimetoka kwenye mkato wa kimoyo kimoja, chini yake kidogo, kimeinuka. Uzi wa kijani mwembamba kuliko unyoya, na kichwani umejikunja — umejikunja ndani, mkunjo ule ule wa kangaga, kama ngumi ya kichanga. Kuvu haina mkunjo huo. Hakuna ukungu wa bafu lolote duniani unaojikunja hivyo. Kimoja tu. Mtu akipiga chafya kitakwenda.

Nilimwita Paskazia. Nikampa lenzi. Aliinama juu ya chupa, pumzi ameishika.

"Dada," akasema, "kidogo mno."

"Kidogo, ndiyo."

"Bila lenzi sikioni."

"Hakuna anayekiona bila lenzi."

"Luhaga hatainama. Magoti yake mabovu, na moyo wake ndio zaidi."

Hilo ndilo. Nina ukweli mfupi kuliko punje ya ulezi, na wanakuja watu wenye ndoo ya mafuta ya taa. Nawasikia sasa, wanashuka kwenye mawe. Sauti ya Diwani Malimi inauliza kama njia inateleza. Mama Suzana anamwelekeza pa kukanyaga. Luhaga anacheka. Paskazia ameshakwenda kuwapokea, namsikia: "Shikamooni. Karibuni. Angalieni kichwa, nyavu ziko chini."

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Kurasa nne, zenye meno. Nimezikunja nikaziweka chini ya magoti, udongo umelowa.

Nitawaambia haya tu, na ninayaandika ili mdomo usije ukaongeza:

Wewe Mama Suzana, mwenye haki ya kuogopa, tangulia. Wewe Diwani Malimi, uliyetaka miguu. Wewe Luhaga, mwenye kutu. Ndoo iacheni pale kwenye jiwe. Msiishike chupa. Msipumue juu yake. Pigeni magoti hapa nilipopiga mimi, kwenye matope haya haya, mmoja mmoja, lenzi muiweke karibu na jicho, na kabla hamjasema neno, tazameni.